Wanaouza kisicho na bei

Mwaka jana shangazi yangu, mwalimu mstaafu, alikwenda Kariakoo kununua simu ya kisasa. Bei ya simu alikuwa ameiulizia mapema na fedha alikuwa amezidunduliza kidogo kidogo. Alipokwisha kulipa, kijana wa dukani alimwuliza kwa adabu: "Mama, nikuwekee kila kitu?" Shangazi akakubali, kama ambavyo mtu yeyote angekubali. Hesabu ilipoletwa, kulikuwa na shilingi 5,000 za kufungua barua pepe, 5,000 za kuweka WhatsApp, 3,000 za kuhamisha majina kutoka simu ya zamani, na 10,000 za jambo lililoitwa "kuifungua simu". Jumla shilingi 23,000. Kazi yote haikuzidi dakika 20, na kwa muda wote huo mwenye simu alisimama upande wa pili wa meza, asione hata mara moja kilichokuwa kikitendeka.

Hebu tuitazame hesabu ile. Akaunti ya barua pepe hufunguliwa bure na mtu yeyote mwenye simu na bando. WhatsApp haiuzwi, hata ile ada ndogo ya dola moja kwa mwaka iliyokuwapo zamani iliondolewa mwaka 2016. Majina ya simu ya zamani huhama yenyewe, ama kwa laini, ama kwa Bluetooth, ama kwa hiyo hiyo akaunti ya barua pepe. Ama kuhusu "kuifungua simu", mwandishi wa makala haya ameuliza kwa mafundi watatu maana yake ni nini, na wote watatu walicheka. Simu mpya hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe cha kuwashia, kuchagua lugha na kukubali masharti.

Najua watakaonijibu. Watasema kwamba kijana yule alitumia muda wake na ujuzi wake, na kwamba kila jasho lina ujira. Sina ugomvi na hoja hiyo. Kwa hakika mimi ni mmoja wa wanaoitetea. Zamani, mbele ya majengo ya posta katika miji yetu, walikuwapo wazee wenye mashine za taipu waliowaandikia barua watu wasiojua kusoma. Walilipwa, na walistahili kulipwa. Lakini mzee yule hakumwambia mteja wake kwamba herufi ni mali yake, wala kwamba posta haipokei barua isiyopita mezani kwake. Aliuza kazi ya mkono wake, na mteja alijua kwamba siku atakapojifunza kuandika ataandika mwenyewe.

Kijana wa Kariakoo hakuuza kazi ya mkono wake. Shangazi alipouliza kwa nini WhatsApp inalipiwa, alijibiwa: "Mama, hiyo ni ya kampuni, sisi tunakatwa." Hapo ndipo ujira ulipokoma na ulanguzi ukaanza. Kama angeambiwa, "Mama, hii ni bure, lakini mimi nitakufanyia kwa shilingi 3,000," angeweza kukubali, au kukataa, au kusubiri mjukuu wake arudi shuleni. Alinyimwa nafasi ya kuchagua, na kilichotumika kumnyima ni uongo mmoja mdogo uliosemwa kwa tabasamu.

Wasomaji wenye umri watakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika, jinsi baadhi ya wenye maduka walivyokataa kumwuzia mtu sukari mpaka achukue pamoja nayo kitu kingine ambacho hakukihitaji. Mlanguzi wa wakati ule alihitaji uhaba wa sukari. Huyu wa leo anahitaji uhaba wa maarifa, nao ni rahisi zaidi kuulinda, kwa sababu hauhitaji ghala. Inatosha kumgeuzia mteja mgongo wakati wa kubonyeza.

Jambo hili tumeliona hata katika shughuli za umma. Simu bandia zilipozimwa usiku wa Juni 16, 2016, mwananchi alitakiwa abonyeze *#06#, aipate namba ya kifaa chake, na kuituma kwa ujumbe kwenda 15090 ili aambiwe kama simu yake ni halali. Nakumbuka niliwakuta vijana kituo cha daladala wakiwafanyia watu kazi hiyo kwa shilingi 500, na foleni ilikuwa ndefu. Sikuwalaumu sana, walikuwa vijana wasio na ajira na nauli ya kurudi nyumbani. Nilijiuliza tu ni kwa nini maelekezo ya alama tano za kubonyeza yalikuwa yamemfikia mwuza huduma kabla ya kumfikia mwenye simu.

Laiti hasara ingekuwa ni hizo shilingi 23,000, nisingesumbua wasomaji. Fedha huliwa na jambo husahauliwa. Lakini yule aliyekufungulia akaunti ndiye aliyechagua neno la siri. Mara nyingi hulitumia neno hilo hilo kwa wateja wote, ili asisumbuke kukumbuka. Akaunti hiyo ndiyo itakayohifadhi picha zako, majina ya jamaa zako na nakala za mazungumzo yako. Nayo iko mikononi mwa mtu ambaye humjui jina, na ambaye mwezi ujao huenda akawa anafanya kazi duka jingine.

Miezi mitatu baadaye simu ya shangazi iliganda. Fundi wa mtaani akaifuta yote ili ianze upya. Simu ikaomba akaunti ya barua pepe iliyokuwamo. Hii si hitilafu: tangu mwaka 2015 simu za mfumo wa Android zimewekewa kinga hiyo makusudi, ili mwizi akiiba simu na kuifuta asiweze kuitumia. Basi shangazi, mwenye risiti mkononi, akawa mbele ya simu yake katika hali ile ile ya mwizi. Alirudi Kariakoo. Kijana aliyefungua akaunti alikuwa ameacha kazi, wala hakuna aliyejua neno la siri. Akaambiwa kwamba inawezekana "kuiflashi" kwa shilingi 25,000. Duka lile lile lililomfungia mlango ndilo lililomwuzia ufunguo.

Hatari nyingine iko kwenye laini. Tangu Mei 1, 2019 laini husajiliwa kwa kitambulisho cha Taifa na alama za vidole, na laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 20, 2020. Usajili huo haulipiwi. Anayelipishwa "ada ya usajili" ameibiwa kidogo, lakini anayeambiwa "weka kidole tena, haijasoma" mara tatu au nne anapaswa kushtuka zaidi, kwani kila kidole kinaweza kuwa laini nyingine kwa jina lake, na laini hiyo ikitumika kutapeli, polisi watabisha hodi kwake. Kubonyeza *106# kutamwonyesha mwananchi laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Sijakuta duka hata moja lililoibandika namba hiyo ukutani.

Wapo wanaodhani kwamba haya ni matatizo ya nchi changa, na kwamba waliotutangulia katika mashine hizi wameshayavuka. La hasha. Nchini Marekani, mwezi Machi 2019, Office Depot, kampuni yenye maduka makubwa ya vifaa vya ofisi, ilikubali kulipa dola milioni 25, na Support.com, iliyoipatia programu, dola milioni 10, ili kumaliza madai ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo. Kwa mujibu wa madai hayo, tangu mwaka 2009 mpaka Novemba 2016 mteja alikaribishwa kupimiwa kompyuta yake bure. Kabla ya kupima, mfanyakazi alimwuliza maswali manne: je, kompyuta ni nzito? Je, huzimika ovyo? Na mengine kama hayo. Likitiwa alama jibu moja tu la ndiyo, programu ilitangaza kuwa imegundua dalili za virusi, hata kama kompyuta ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Kisha mteja aliuziwa tiba, nyingine zikifikia dola 300. Kule waliuza hofu kwa kisingizio cha bure, huku kwetu wanauza cha bure kwa kisingizio cha kampuni. Tofauti ni kwamba kule chombo cha serikali kilifuatilia mpaka fedha zikatoka.

Sisi hatukosi sheria. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumhadaa mteja, na Tume ya Ushindani ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo ipo. Tatizo ni kwamba mtu aliyepunjwa shilingi 5,000 hatafunga safari ya kwenda kushtaki, na mwenye duka analijua hilo vema. Faida yake yote imejengwa juu ya udogo wa kila wizi. Kwa hiyo ngoja-ngoja ya kusubiri malalamiko haifai. Maofisa biashara wa halmashauri, ambao huyapitia maduka haya kukagua leseni, wangeweza kudai jambo moja jepesi: kila duka la simu libandike orodha ya huduma zake, na ionyeshe ipi ni bure kwa asili yake na ipi ni ujira wa fundi. Atakayetaka kulipia ujira na alipe. Na kazi yoyote ya akaunti au namba ya siri ifanywe na kidole cha mteja mwenyewe, fundi akielekeza kwa mdomo.

Itasemwa kwamba wazee hawawezi. Taifa hili liliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na bibi zetu walikaa chini ya miembe wakajifunza kuandika majina yao baada ya kutoka shamba. Shangazi yangu alikuwa mmoja wa waliowafundisha. Iwapo bibi yule aliweza kushika kalamu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 60, sioni ni kitu gani katika kioo cha simu kinachomshinda binti yake.

Simu ilipofunguliwa tena niliketi naye jioni moja, barazani. Nilimwelekeza, akabonyeza mwenyewe, taratibu, miwani ikimteleza puani. Tulipofika kwenye neno la siri alisimama, akachukua daftari lake, akanitazama.

"Geukia huko, mwanangu," aliniambia.

Nikageuka.