Binti Anataka Kujaribu Programu za Kompyuta

Mwezi huu tumechagua barua moja iliyotoka kwa mama wa Ipinda. Anasema binti yake amemaliza kidato cha sita na hataki ualimu wala uuguzi. Anataka kuwa mtu wa kujaribu programu za kompyuta na za simu kabla hazijapelekwa kwa watumiaji. Kuna chuo kidogo mjini kimemwambia kwamba kwa miezi mitatu ataiva na kupata mshahara kama wa Ulaya. Baba yu tayari kuuza ng'ombe. Mama anauliza: kazi hiyo ipo kweli? Na binti anatakiwa awe na nini ili afanikiwe?

Kazi ipo, na sisi wauguzi tunaishi na matunda yake kila siku. Zamani takwimu zetu ziliishia katika vitabu vya MTUHA na kalamu ya wino. Vitabu bado vipo, lakini taarifa za wilaya sasa huingizwa katika DHIS2, mfumo unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo huko Norwei, na hospitali nyingi za serikali hutumia programu kuandikisha mgonjwa, dawa na malipo. Nanyi nyumbani mnapokea fedha kwa simu tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kwetu mwaka 2008. Programu zote hizo zimeandikwa na watu. Mwandishi wa programu ni kama mpishi aliyekwisha kuonja mchuzi mara kumi: ulimi wake umeizoea chumvi. Yafaa aitwe mwingine aonje kabla wageni hawajakaa mkekani.

Basi huyo muonjaji awe mtu wa namna gani? La kwanza, na kwetu ndilo kubwa, awe mdadisi wa pembezoni. Asiyejua kazi hii hujaribu mambo ya katikati tu, anaona yanakwenda vizuri, anafunga kompyuta. Chukueni mfano wa programu ya kliniki ya watoto. Mnajua chanjo zinavyofuatana: wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu surua na rubela miezi 9 na miezi 18. Mjaribu mzuri atauliza: mtoto aliyetimiza wiki 6 leo leo je? Aliyepungukiwa siku moja? Aliyezaliwa tarehe 29 Februari 2024, mwaka unaofuata programu itamhesabia vipi? Na mapacha, Kulwa amezaliwa saa sita kasoro dakika tano usiku, Doto akaja dakika kumi baadaye. Je, programu itakubali mama mmoja awe na mapacha wa tarehe mbili? Mkunga hashangazwi na jambo hilo hata kidogo. Kompyuta inaweza kulikataa katakata.

Yapo pia mambo ya kwetu ambayo mtaalamu wa mbali hawezi kuyawaza. Jina kama Mwang'ombe lina kile kialama juu baada ya ng. Katika SQL, lugha inayotumika kuhifadhi na kuuliza taarifa, alama hiyohiyo hutumika kufungulia na kufungia maneno. Programu isiyotengenezwa kwa uangalifu hulikata jina katikati, au hulikataa kabisa. Karani mwenye foleni ndefu hufanya nini? Huandika Mwangombe, mgonjwa anaondoka, na mwezi ujao kadi yake haionekani kwa sababu karani mwingine ameandika jina kama lilivyo.

Na saa je? Programu iliyotafsiriwa na mtu asiyeijua desturi yetu itamtumia mama ujumbe, "Njoo kliniki saa 8," ikiwa na maana ya saa mbili asubuhi. Mama atafika saa nane mchana, akiwa amebeba mtoto juani, akute wauguzi wanafunga vitabu. Hapo atalaumiwa yeye.

Tena tuko mpakani. Saa ya Malawi iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Simu inayojipangia saa yenyewe, ikishika mnara wa ng'ambo pale Kasumulu, hurudi nyuma saa nzima. Sasa fikirini programu inayomkumbusha mgonjwa kumeza dawa, au inayoandika muda muamala ulipofanyika. Muamala wa pili unaweza kuonekana umefanyika kabla ya wa kwanza! Msichana aliyekulia Kyela, aliyewahi kusafiri hadi Matema na kuona mtandao unavyokatika katikati ya ujumbe, anayo maarifa ambayo kijana wa London angelazimika kufunga safari kuyapata. Asiyaone kuwa ni ushamba. Ndiyo mtaji wake.

La pili ni kurudia jambo bila kuchoka na kuliandika jinsi lilivyotokea. Hapa tuwaeleze habari moja ambayo kila muuguzi angepaswa kuijua. Ilikuwapo mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iliyoitwa Therac-25, iliyotengenezwa na kampuni ya AECL ya Kanada. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987 wagonjwa 6 huko Marekani na Kanada walipigwa mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao wakafariki. Mashine zilizotangulia zilikuwa na vizuizi vya chuma na umeme vya kuzuia hatari hiyo. Hii mpya ilitegemea programu. Katika mji wa Tyler, Texas, mwaka 1986, mgonjwa alilalamika kwamba ameungua, na kwenye kioo palitokea maneno mawili tu ya kusema kuna hitilafu namba 54. Wahandisi walijaribu wasiione kasoro.

Mtaalamu wa fizikia wa hospitali ile, Fritz Hager, hakukubali yaishe hivyo. Alikaa na mama aliyekuwa akiiendesha mashine, wakarudia kila alichokigusa siku ile: aliandika herufi isiyo yake, akarudi juu, akairekebisha, akaendelea. Walirudia mara nyingi mpaka hitilafu namba 54 ikatokea tena mbele ya macho yao. Siri ilikuwa kasi. Yule mama alikuwa mzoefu, vidole vyake vilikuwa vyepesi, na alirekebisha kosa upesi kuliko programu ilivyoweza kufuata. Waliojaribu polepole wasingeliona jambo hilo hata wangekesha.

Kwa hiyo mjaribu programu huandika taarifa yake kama sisi tunavyokabidhiana wodi. Muuguzi hasemi, "Mgonjwa wa kitanda cha nne hali si nzuri," akachukua mkoba wake. Husema saa ngapi, joto lilikuwa 39.2, ametapika mara tatu, amepewa nini. Vivyo hivyo binti aandike: nilitumia simu ya aina hii, nikafuata hatua hizi moja baada ya nyingine, nilitarajia hiki, kikatokea kile. Mtu mwingine akisoma aweze kuitoa kasoro hiyohiyo. Na ikisharekebishwa, arudie tena kujaribu hata sehemu zilizokuwa nzima, maana fundi akiziba tundu moja la bati huweza kukanyaga na kutoboa jingine.

La tatu ni ulimi. Huyu mtu kazi yake ni kumwambia mwenzake kila siku kwamba alichokitengeneza kina kasoro. Akikosa adabu watamchukia na taarifa zake hazitasomwa. Aseme juu ya programu, asimseme mtu. Lakini pia asiogope. Sisi wanawake wa Kinyakyusa tulifundishwa kumpisha baba mkwe njia na kuinamisha macho. Ni heshima na hatuibezi, ila programu si mkwe. Huko Uingereza, Shirika la Posta lilianza mwaka 1999 kutumia programu ya Horizon ya kampuni ya Fujitsu. Ilionyesha upungufu wa fedha usiokuwapo, na zaidi ya wasimamizi 900 wa ofisi ndogo za posta walihukumiwa kwa wizi na udanganyifu. Mmoja wao, Seema Misra, alifungwa mwaka 2010 akiwa mjamzito; hukumu yake ilifutwa mwaka 2021, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kuwafutia wengine. Uchunguzi wa hadhara ulionyesha kwamba ndani ya kampuni walikuwapo waliozijua kasoro hizo. Nani kati yenu aliye wakala wa fedha za simu asiyetetemeka kwa habari hiyo?

Sasa elimu. Kiingereza cha kusoma na kuandika hakikwepeki, kwa kuwa taarifa nyingi huandikwa kwa lugha hiyo. Ajifunze misingi ya kuandika programu, na ile SQL tuliyoitaja. Baadaye ajifunze kuandika programu zinazojaribu programu nyingine, maana kubonyeza kwa mkono peke yake hakumfikishi mbali, hasa sasa ambapo akili mnemba inafanya sehemu ya kazi nyepesi. Kuna cheti kinachotambuliwa nchi nyingi, cha ISTQB, chombo kilichoundwa mwaka 2002. Mtihani wa ngazi ya kwanza una maswali 40, na anayepata 26 amefaulu. Anaweza kuusomea mwenyewe. Kwa elimu ndefu, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kinafundisha kompyuta, tena si mbali na nyumbani.

Juu ya ng'ombe, tunamshauri baba asubiri. Chuo cha miezi mitatu kinachoahidi mshahara kabla hakijamjua mwanafunzi kinatutia shaka. Aulize kwanza kama kimesajiliwa na NACTVET, aombe kuzungumza na waliomaliza mwaka jana na kujua wanafanya kazi wapi, na aulize kama wanafunzi hujaribu programu halisi au hunakili maelezo ubaoni tu.

Wakati huohuo binti aanze na daftari la shilingi chache na simu iliyopo nyumbani. Achague programu moja ya bure, ya kutunza hesabu za duka au ya kalenda, aijaribu kwa mwezi mzima: aandike jina refu mno, aache nafasi tupu, aweke tarehe ya mwaka ujao, azime simu katikati ya kazi, akae pasipo na mtandao. Kila kasoro aiandike kwa hatua zake. Asiguse akaunti za watu wala mifumo ya benki na ofisi bila ruhusa ya wenyewe, hata kama anataka kusaidia tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haitamwuliza nia yake ilikuwa njema kiasi gani. Akijaza kurasa ishirini bila kusukumwa na mtu, mama atuandikie tena, tuzungumze habari za ada.