Roboti inayogeuka lori: mtihani wake mgumu uko Musonoi

Wakusanyaji wa vichezeo duniani wana maswali yao wanapopima roboti inayogeuka gari. Ikiwa gari, inafanana kweli na gari? Ikisimama kama mtu, inasimama imara au inaanguka kifudifudi? Viungo vyake vinabana? Itageuzwa mara ngapi kabla mkono haujakatika? Ni maswali mazuri, na anayelipa pesa zake ana haki ya kuyauliza. Lakini mtaa wa Musonoi, mjini Kolwezi, una haki ya kuongeza lingine: kichezeo hicho kinamfundisha mtoto kufanya nini kwa mikono yake?

Musonoi si mgeni katika jambo hili. Ni mtaa uliojengwa na Union Minière kwa ajili ya wafanyakazi wake, kabla kampuni hiyo haijataifishwa mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines. Kando yake kuna mgodi wenye jina hilohilo, ambao leo uko chini ya COMMUS, kampuni ya Zijin ya China na Gécamines. Unatoa shaba na kobalti. Mota yoyote ndogo inayosogeza mkono wa roboti imezungushiwa nyaya za shaba, na betri nyingi za kuchaji zina kobalti ndani yake. Hakuna awezaye kushika roboti moja na kusema shaba yake ilitoka Musonoi. Ila Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa inatoka katika jimbo la Lualaba.

Tena, roboti maarufu kuliko zote za aina hii ni lori. Takara ya Japani ilikuwa ikiuza roboti zake kwa jina la Diaclone. Hasbro ya Marekani ikazichukua na mwaka 1984 ikaziingiza sokoni kwa jina la Transformers. Kiongozi wao, Optimus Prime, ni kichwa cha lori kinachovuta trela. Mtoto wa Kolwezi haitaji kuelezwa lori ni nini. Kabla hajajua kusoma anatambua sauti ya lori lililojaa mzigo na lile linalorudi tupu, na anajua kwamba yale yaliyojaa yanaelekea Likasi, Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa.

Kwa vipimo vya mkusanyaji, Optimus Prime ya mwaka 1984 bado inastahili heshima. Baadhi ya sehemu zake zilikuwa za chuma, kwa hiyo mtoto alihisi uzito mkononi. Kichwa cha lori kiligeuka mtu, na trela likafunguka kuwa kituo chenye kigari kidogo ndani. Hatua za kuigeuza zilikuwa chache, na mtoto aliyeifanya mara tatu hakuhitaji tena karatasi ya maelekezo. Ubaya wake unajulikana: ngumi zilikuwa vipande vya kuchomeka, na zilipotea upesi. Leo, inayouzwa ikiwa na ngumi zake zote mbili ina bei yake.

Vichezeo vingine vya miaka iliyofuata viliacha somo lingine. Vilitengenezwa kwa plastiki iliyochanganywa na chembe zinazong'aa kama dhahabu. Baada ya miaka kadhaa plastiki hiyo ikawa dhaifu, na leo inaweza kupasuka mtu anapojaribu tu kuigeuza. Wakusanyaji huviacha kabatini bila kuvigusa. Watu wa Kolwezi wanajua vizuri kwamba king'aacho si lazima kiwe mali.

Kisha, mwaka 2021, ikaja Optimus Prime iliyotengenezwa na Robosen kwa idhini ya Hasbro. Ina mota 27, chipu 60 na vipande zaidi ya 5,000. Ukiiamuru kwa sauti, inajikunja yenyewe kuwa lori, kisha inainuka tena kuwa mtu na kutembea. Bei yake ilipotangazwa ilikuwa dola 699. Kwa ufundi ni kazi ya kustaajabisha, na mkusanyaji mtu mzima mwenye pesa hatajuta kuiweka sebuleni.

Kwa mtoto, hukumu ni nyingine. Katika roboti ya mwaka 1984 aliyegeuza lori alikuwa mtoto. Vidole vyake vilitafuta bawaba, vilikosea, vilirudia. Katika hii ya dola 699, kazi hiyo imehamia kwenye mota, na mtoto amebaki mtazamaji. Tena ikikwama, hawezi kuifungua. Thamani imepanda, lakini sehemu ya mtoto imepungua.

Roboti zinazofika mikononi mwa watoto wengi si hizo. Ni zile za bei nafuu zisizo na jina la kiwanda. Hapa mzazi anahitaji macho ya mkusanyaji kuliko mtu yeyote. Ashike mikono na miguu ya roboti, aizungushe mbele ya muuzaji: kiungo kinacholegea sokoni kitang'oka nyumbani. Atazame kama kuna vipande vidogo vinavyoweza kuingia kooni. Zaidi ya yote, aangalie betri. Kama ni zile ndogo bapa mfano wa kifungo cha shati, kifuniko chake lazima kiwe kimefungwa kwa skrubu. Betri hiyo ikimezwa na kukwama kooni, inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu. Mtoto aliyeimeza apelekwe hospitali mara moja.

Halafu kuna lori lingine, ambalo halimo katika orodha ya mkusanyaji yeyote. Ni lile ambalo watoto wa Katanga wamelitengeneza kwa miaka mingi: mwili wa waya, kabini ya kopo, matairi ya kandambili zilizochakaa, na fimbo ndefu yenye usukani juu, ili dereva alisukume akiwa amesimama. Lipimwe kwa vipimo vilevile. Linafanana na lori? Ndiyo, na mara nyingi lina trela. Viungo vinabana? Vikilegea vinakazwa kwa koleo, au kwa meno. Linageuka? Kopo limegeuka kabini, kandambili imegeuka tairi, na kesho waya uleule unaweza kuwa tingatinga. Aliyefanya mageuzi yote hayo ni mtoto, bila mota hata moja.

Atakayesema kwamba huku ni kuusifu umaskini ana hoja. Mtoto wa Musonoi anastahili kichezeo kipya kama mtoto wa Tokyo au Chicago. Wala waya wa lori lake haupaswi kutoka kwenye lundo la mabaki ya mgodi. Lakini kizuizi cha kwanza si bei ya roboti. Kizuizi cha kwanza ni muda. UNICEF ilikadiria mwaka 2014 kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa Kongo, wengi wao kwenye kobalti. Mwaka 2016 Amnesty International na Afrewatch zilieleza jinsi watoto walivyokuwa wakiokota, kuosha na kubeba mawe ili wapate pesa kidogo. Mtoto anayeshinda karieri hana saa ya kucheza, awe na roboti au asiwe nayo. Na kucheza si zawadi ya wenye nacho. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Kongo iliuridhia mwaka 1990, unakutaja katika kifungu chake cha 31.

Jambo hili linagusa pia mipango mikubwa ya nchi. Aprili 2022 Kongo na Zambia zilitia saini makubaliano ya kujenga pamoja viwanda vya betri, ili shaba na kobalti visiendelee kuondoka kama malighafi tu. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kikapewa kituo cha utafiti wa betri. Viongozi wanarudia neno lilelile: kugeuza madini kuwa bidhaa. Lakini mkono wa kugeuza hauanzi chuo kikuu. Unaanza kwa mtoto anayejua kwamba kitu kinaweza kufunguliwa, kueleweka na kuundwa upya.

Mifano ipo nchini. Jean Katambayi Mukendi wa Lubumbashi, aliyesomea ufundi wa umeme, anaunda mashine za ajabu kwa karatasi ngumu, waya na vifaa vya umeme vilivyotupwa, na kazi zake zimeonyeshwa nje ya Afrika. Mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake walisimamisha roboti za kuongoza magari katika njia panda za Kinshasa mwaka 2013, zikitumia nguvu za jua. Hizo ni roboti ambazo mtoto wa Kongo anaweza kuambiwa: zimeundwa hapa.

Kwa hiyo ombi kwa wakuu wa Lualaba na makampuni ya madini linaweza kuwa dogo na la wazi. Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Fedha hizo hujenga visima, shule na vituo vya afya, na ni sawa. Sehemu ndogo yake ingetosha kufungua, katika shule za Musonoi, karakana ya alasiri moja kwa wiki: koleo, bisibisi, waya safi, mota ndogo kutoka redio zilizokufa, na fundi mmoja mwenye subira. Wazee wa mtaa wanakumbuka enzi za Gécamines, wakati cercle na foyer social vilikuwa sehemu ya maisha ya mtoto wa mfanyakazi. Hawaombi jambo jipya.

Mwaka mmoja wa karakana ukiisha, mtoto aletewe roboti ya sokoni, hata ile ya bei nafuu. Atafanya kile ambacho mkusanyaji haruhusu kamwe: ataifungua aone kilichomo. Akiukuta waya mwembamba mwekundu uliozungushwa ndani ya mota, atautambua. Ni shaba, mali ya nyumbani kwao. Na atajua pia kuuzungusha.