Chombo cha Msafiri Kitayarishwe na Msafiri Mwenyewe



Msomaji mmoja ametuandikia akiuliza namna ya kuunganisha modemu ya safari inayotumia miale ya infraredi na kompyuta ya mkononi ya zamani kidogo. Anasema baba yake anasafiri mwezi ujao, na nduguze wanamwambia kuwa vifaa hivyo havipatani tena. Vinapatana. Lakini kabla sijamjibu sina budi kukiri kosa, kwa sababu swali hili nililijibu vibaya mwishoni mwa mwaka 2003, tena ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Ami yangu ni mfanyabiashara wa vitambaa, duka lake lipo Kariakoo. Kwa miaka mingi hesabu zake zilikaa katika daftari lenye jalada gumu, mpaka mwanawe aliyekuwa akisoma Uingereza alipomletea kompyuta ya mkononi aina ya Psion Series 5mx. Chombo hicho kilitoka mwaka 1999. Kinaenea katika mfuko wa koti, kina kibodi ambayo mtu mzima huandikia bila taabu, na huendeshwa kwa betri mbili za AA, zile zinazouzwa kila duka. Julai 2001 kampuni ya Psion ilitangaza kujiondoa katika soko hilo la kompyuta za mkononi, kwa hiyo leo mashine hiyo huhesabiwa kuwa imepitwa na wakati. Ami hakujali. Alihamishia humo madeni yote: anayodai, anayodaiwa, na amana za watu alizowekewa. Yeye husema kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandika madeni, na kwamba mtu aliyesoma hilo hana udhuru wa kutegemea kichwa chake.

Alipokaribia kusafiri kwenda Dubai kufuata mzigo, aliniletea kompyuta hiyo pamoja na modemu ndogo ya safari. Aliniambia, "Mwanangu, nataka nikiwa huko niweze kuleta barua nyumbani." Nilichukua vyombo vyote viwili, nikakaa navyo jioni moja, nikavitayarisha mwenyewe huku yeye akinitazama na kunywa kahawa. Nilipomaliza tulituma barua moja kwa simu ya nyumbani, ikafika. Nikamrudishia. "Tayari, ami. Bonyeza hapa tu." Hapo ndipo nilipokosea, na sehemu iliyobaki ya makala haya ni maelezo ya kosa hilo.

Modemu ya infraredi haina waya baina yake na kompyuta. Kila kimoja kina kidirisha cheusi, na kupitia hapo huzungumza kwa mwanga ambao jicho letu haliuoni, kama rimoti inavyozungumza na televisheni. Waya uliopo ni mmoja tu, unaotoka katika modemu kwenda katika tundu la simu ukutani. Kwa hiyo barua ya msafiri huvuka vivuko vitatu: kutoka kompyuta hadi modemu, kutoka modemu hadi laini ya simu, na kutoka laini ya simu hadi kwa mtoa huduma ya intaneti. Ikikwama, swali la kwanza la mtu mwenye busara ni hili: imekwama kivuko gani?

Kivuko cha kwanza ndicho kinachotiliwa shaka kuliko vyote, nacho ndicho chepesi kuliko vyote. Utaratibu wa mwanga huu uliwekwa na chama cha IrDA kilichoundwa mwaka 1993, na umekusudiwa kwa masafa yasiyozidi kama mita moja, vidirisha vikitazamana. Viweke mezani, vielekezane, viachane kiasi cha shubiri moja, mbali na jua la dirishani. Katika mipangilio ya modemu, chagua infraredi badala ya waya. Hakikisha pia kwamba kiungo kinachotumika kupeleka mafaili kwenye kompyuta kubwa kimezimwa, kwa maana kikiwa wazi kinaweza kushikilia njia hiyo hiyo na modemu isipate nafasi. Wapo wanaodhani kwamba mwanga ndio unaochelewesha. Sivyo. Mwanga huo hubeba hadi biti 115,200 kwa sekunde, ilhali modemu ya kiwango cha V.90 hupokea kwa biti 56,000 na kupeleka kwa 33,600, tena pale laini inapokuwa nzuri sana. Mlango mwembamba ni simu.

Namna ya kukihakiki kivuko hiki ni fupi. Fungua programu ya mawasiliano inayokuruhusu kuandika amri moja kwa moja, andika herufi AT, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Modemu ikijibu OK, basi inakusikia. Lugha hiyo ya amri ilianza na modemu za Hayes mwaka 1981, na modemu nyingi mpaka leo huielewa. Usipopata jibu, tazama betri za modemu, kisha tazama vidirisha kama vinatazamana kweli. Usiende mbele mpaka upate OK.

Kivuko cha pili ni laini ya simu, na hapa kila nyumba, kila ofisi na kila hoteli ina desturi yake. Modemu kwa kawaida husikiliza kwanza mlio ule tunaousikia tunapoinua simu, na isipoutambua hukataa kupiga. Swichibodi nyingi za hoteli zina mlio wake zenyewe. Dawa yake ni kuongeza X3 katika amri za kuanzishia modemu, yaani isisubiri mlio, ipige tu. Tena katika hoteli nyingi ni lazima upige tarakimu moja ya kutokea nje, mara nyingi 9 au 0, kisha utulie kidogo. Mkato mmoja ukiandikwa baada ya tarakimu hiyo huiambia modemu ingoje, kwa kawaida sekunde mbili. Jambo la hatari ni moja: hoteli nyingine zina laini za kidijitali vyumbani, na laini hizo zinaweza kuiunguza modemu ya kawaida. Ulizia mapokezi kabla ya kuchomeka waya, na kama hawajui, omba laini ya faksi, maana faksi ya kawaida nayo hutumia laini ya analogi kama modemu.

Kivuko cha tatu ni mtoa huduma: nambari yake, jina la mtumiaji na neno la siri. Kompyuta hizi ni hodari katika jambo moja ambalo pia ndilo mtego. Ukiandika nambari kwa ukamilifu wake, pamoja na alama ya kujumlisha na nambari ya nchi, kompyuta huamua yenyewe ipige tarakimu zipi kulingana na mahali ulipoiambia kwamba upo. Ukiwa Dar es Salaam itaacha 255 na 22, ipige nambari ya mjini tu. Ukiwa Dubai itapaswa kuanza na 00, kisha 255, kisha 22. Lakini haijui kwamba umesafiri. Lazima uiambie.

Sasa turudi kwa ami. Siku ya sita ya safari yake alishikwa na maumivu makali ya ubavu. Daktari alimwambia kwamba ni mawe ya figo, na kwamba atalazwa kesho yake afanyiwe upasuaji. Usiku ule alikaa kitandani hotelini, akawaza kile ambacho kila Mwislamu mwenye mali ya watu mikononi huwaza. Orodha ya madeni na amana ilikuwa ndani ya kompyuta ile, na nyumbani hakuna aliyekuwa na nakala. Akabonyeza pale nilipomwonyesha. Haikwenda. Akabonyeza tena. Haikwenda. Alipiga simu nyumbani saa nne za usiku kwa saa za kwetu, huko kwao zikiwa saa tano, nami nikaitwa.

Nilitaka kumwongoza hatua kwa hatua, lakini simu ya chumbani ilikuwa moja na tundu lilikuwa moja. Tulipokuwa tukizungumza, modemu haikuweza kupiga. Ilipokuwa ikipiga, mimi sikuweza kusikia chochote. Ikawa nasema, anaandika katika karatasi, anakata simu, anajaribu, ananipigia tena. Alinisomea maneno yaliyoonekana katika skrini, nikaelewa kwamba kivuko cha kwanza ni kizima: kompyuta na modemu zilikuwa zimesikilizana tangu mwanzo. Kisha makosa matatu yakajitokeza moja baada ya jingine, na yote matatu yalikuwa yangu. Nilikuwa sijamwonyesha namna ya kubadili mahali, kwa hiyo kompyuta ilikuwa ikiamini bado ipo Dar es Salaam. Sikumweleza habari ya tarakimu ya kutokea nje. Na sikuitia X3, kwa kuwa mlio wa simu ya nyumbani ulikuwa ukitambulika bila shida. Tulijaribu kwa simu moja tu, nayo ni ile ambayo msafiri hatakuwa nayo.

Jaribio la tano lilifaulu. Ilikuwa simu ya kimataifa, na gharama yake si ndogo, lakini orodha yenyewe ilikuwa ndogo mno: mistari 41, majina na fedha. Maandishi ya kiasi hicho huvuka kwa sekunde chache hata laini ikiwa mbovu. Muda mwingi zaidi huliwa na modemu mbili zinaposalimiana kabla ya kuanza kazi.

Mke wa ami aliisoma orodha ile asubuhi pamoja na mwanawe mkubwa. Madeni makubwa waliyajua. Mstari wa 33 hawakuujua. Ulisema kwamba mjane mmoja wa mtaani kwetu alimwekea ami shilingi 350,000, ada ya shule ya wanawe wawili, na kwamba akabidhiwe kabla shule hazijafunguliwa Januari. Ami mwenyewe aliponizungumzia madeni yake kwenye simu hakuutaja mstari ule. Maumivu yalikuwa yamemsahaulisha, na nafsi ya binadamu hukumbuka kikubwa ikaacha kidogo. Mama yule alikabidhiwa fedha zake kwa wakati, mbele ya mashahidi wawili. Ami alipasuliwa salama na akarudi baada ya wiki tatu, alhamdulillah. Lakini sisi nyumbani tulijua kwamba hata kama asingerudi, haki ya mjane isingezikwa naye.

Aliporudi alinikabidhi tena vile vyombo viwili, nikanyoosha mkono nivipokee, yeye akavirudisha kwake. Akasema, "Hapana. Leo wewe ndiye utakayekunywa kahawa. Kaa pale, nielekeze kwa mdomo." Tulianza saa mbili usiku, tukamaliza saa nne. Alifuta mipangilio yote niliyoiweka, akaiandika upya kwa vidole vyake. Alipokosea nilimwacha mpaka akaliona kosa mwenyewe. Kesho yake tulikwenda katika ofisi ya rafiki yake yenye swichibodi, ambako simu hutoka nje kwa kupiga 9, akajaribu pale pia. Ikakataa mara ya kwanza. Akaongeza mkato, kisha X3, ikapiga. Sikugusa kitu.

Basi ndugu msomaji uliyeuliza, jibu langu ni hili. Kabla baba yako hajasafiri, mketishe mezani na umwachie vyombo. Ahakiki mwanga kwa AT na OK. Aingize mahali anakokwenda, nambari ya nchi na ya mji, kisha ajizoeze kubadili kutoka hapa kwenda huko na kurudi. Ajaribu kwa simu ya nyumbani, halafu kwa simu ya ofisi yenye swichibodi. Kama atakaa siku nyingi, aulizie mtoa huduma mwenye nambari ya mji ule, asije akalipia simu ya kimataifa kwa kila barua. Atie mfukoni waya wake wa simu, plagi inayofaa nchi ile, na betri za akiba kwa vyombo vyote viwili. Haya yote ayaandike katika karatasi kwa mwandiko wake, si wako, maana usiku wa dhiki mtu husoma mwandiko wake upesi zaidi.

Na jambo la mwisho halihitaji modemu. Orodha ya madeni na amana iachwe nyumbani kabla ya safari, imechapwa, kwa mtu anayeaminika. Ami sasa hufanya hivyo kila anapoondoka. Modemu huitumia kupeleka yale yaliyoongezeka njiani.

Wabillahi tawfiq.