Ukoga wa Makaburi Uachwe

Msafiri atokaye Garsen kwenda Kipini hupita katika udongo wa mafuriko ya Mto Tana, na jiwe ni haba njiani. Mawe huyakuta Ungwana, karibu na bahari: misikiti na makaburi ya mji wa kale wa Waswahili, yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa. James Kirkman aliuchimba mji huo katika miaka ya 1950. Mabaka ya kijivu na meupe yaliyogandamana na kuta za namna hiyo, zipigwazo na jua, ndiyo ninayotaka kuyasemea.

Watu huyaita ukoga, nao huyaona uchafu. Mtu akitaka kuwaheshimu wazee waliotangulia huchukua burashi ya waya akasugua kaburi mpaka ling'are. Nia ni njema, lakini hasara ni kubwa.

Wataalamu huita kitu hiki likeni. Ni kuvu na mwani waishio pamoja: kuvu hushika jiwe, mwani hupika chakula kwa mwanga wa jua. Aina hii ya ganda haibanduki ila pamoja na uso wa jiwe. Chokaa ya kale ni laini. Waya ukipita huondoka na nakshi, na palipo na maandishi, huondoka na herufi. Asidi ni mbaya zaidi, kwani chokaa huyeyuka ndani yake.

Tena ganda hilo hukua polepole mno, mengine hata milimita moja kwa mwaka hayafiki. Ndiyo maana Roland Beschel wa Austria, katika miaka ya 1950, aliyapima ili kukisia umri wa mawe yaliyoachwa na barafu milimani.

Sikatai, likeni nayo hula jiwe kidogo kidogo. Lakini wa kuogopwa ni mzizi wa mti, upasuao ukuta mzima.

Wako watakaouliza habari ya twahara. Ukoga si najisi. Mtume (S.A.W.) aliweka vipande vya kuti bichi la mtende juu ya makaburi mawili, akitaraji wenyewe wapunguziwe adhabu maadamu havijakauka, na wako wanazuoni waliochukia kung'oa nyasi mbichi makaburini. Kama ukoga huu, unaokauka kiangazi ukahuika kwa mvua, umo katika hukumu hiyo, nawaachia masheikh. Mimi nasema ya chokaa.

Anayetaka kusafisha na afagie majani kwa ufagio laini, akate miche ingali midogo, na lipu iliyolegea aiache hapo hapo mpaka watu wa Makumbusho ya Taifa waitazame.