Binti Anapokwenda Kusomea Msituni

Mwezi huu tunazungumza na ninyi mlio na watoto vyuoni, hasa wanaosoma baiolojia. Siku moja mtoto ataleta barua kwamba darasa lao litakwenda porini siku kumi kwa mafunzo ya vitendo. Wengi wetu husoma kwanza kiasi cha mchango, kisha tukauliza: "Huo msitu haumo vitabuni?"

Binti yetu, aliyekulia hapa Njombe kwenye baridi, alipotakiwa kwenda Amani katika milima ya Usambara Mashariki, baba yake alikataa. Tulimsihi, maana hata sisi hatukujifunza kuzalisha kwa kusoma tu.

Amani ni mahali pa utafiti tangu 1902, Wajerumani walipojenga kituo chao cha kilimo. Katika milima hiyo ndiko lilikotoka ua dogo la zambarau liitwalo Saintpaulia, ambalo leo hupamba madirisha ya Ulaya. Binti aliliona limeota kwenye mwamba wenye unyevu. Walizungushia kamba eneo la mita 20 kwa 20, wakahesabu kila mti na kupima unene wake. Usiku walitega nyavu za popo. Aliporudi alisimulia mpaka ugali ukapoa.

Tulikuwa tumemfungia soksi ndefu kwa ajili ya kupe na siafu, tochi, koti la mvua, pedi za kutosha (porini hakuna duka, na binti hatamwambia mwalimu wa kiume) na chandarua chenye dawa. Kule juu alikitumia. Lakini usiku wa mwisho walilala tambarare, upande wa Muheza, na kwa uchovu hakukitundika.

Siku ya kumi na moja akiwa nyumbani alishikwa na homa na kichwa. Nasi, pamoja na uuguzi wetu wote, tulimpa dawa ya maumivu tukasema ni uchovu wa safari. Kesho yake alitapika, jioni akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Kipimo kilionyesha malaria, nayo ilikwisha kuwa kali. Alichomwa sindano za artesunate, akalazwa siku nne. Tuliona aibu mbele ya wenzetu wa wodini.

Malaria haitokei siku ile ile mbu anapouma. Mara nyingi hupita wiki moja, mbili au zaidi. Na mtoto wa nyanda za baridi hana kinga aliyonayo mwenzake wa Muheza. Homa yoyote baada ya safari hiyo, hata mwezi ukipita, apimwe siku hiyo hiyo, na mweleze mganga alikolala. Akiumwa na nyoka huko, wasichanje wala kunyonya jeraha. Atulizwe, asitembee, apelekwe hospitali.

Muhula ujao darasa lake linakwenda Rufiji kusoma mikoko. Baba yake amekwisha nunua kamba ya kutundikia chandarua.