Muziki wa filamu zetu utatungwa na nani?

Serikali ya kwanza ya Kaunti ya Machakos, iliyoongozwa na Dkt. Alfred Mutua kuanzia mwaka wa 2013 hadi 2022, ilitangaza azma ya kuifanya kaunti hii kitovu cha filamu, na azma hiyo ikapewa jina la Machawood. Tangu hapo, kila filamu inapozungumziwa, hoja huwa ni ardhi, majengo, kamera na waigizaji. Muziki hukumbukwa mwisho, kama chumvi iliyosahauliwa jikoni. Ilhali hakuna filamu inayosimama bila muziki, na hakuna muziki wa filamu bila mtu aliyefunzwa kuutunga.

Suala hili linawahusu walimu na wanafunzi moja kwa moja. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, na mmojawapo wa mikondo mitatu waliyowekewa ni Sanaa na Michezo. Hata hivyo, wapo wazazi, na walimu pia, wanaouona mkondo huo kuwa wa walioshindwa na hesabu. Mtoto akisema anataka kutunga muziki kwa mashine, huulizwa kama anataka kuwa mpiga disko.

Neno hilo lenyewe limebeba mzigo. Disko liliingia katika Kiswahili likiwa na maana ya ukumbi wa dansi na aina ya muziki. Humu nchini likaungana na neno la msiba, tukapata disko matanga, yaani ngoma za usiku kucha penye msiba, ambazo watawala wa mikoani wamezipiga marufuku mara kwa mara kwa sababu ya maovu yanayowapata watoto huko. Sisi wanaisimu tunajua kwamba maana ya neno ikishachafuka, fani nzima iliyoitwa kwa jina hilo huchafuka nayo. Kwa sababu hiyo yafaa tutazame mtu aliyeianzia kazi yake katika disko akaifikisha kwenye filamu.

Giorgio Moroder alizaliwa mwaka wa 1940 katika mji mdogo wa Ortisei, kwenye milima ya kaskazini mwa Italia. Bonde la kwao linajulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni uchongaji wa vinyago vya mbao, kazi iliyoanza huko katika karne ya 17. La pili ni lugha ya Kiladini, ambayo wasemaji wake wote ni kama 30,000 tu. Watoto wa bonde hilo hukua na lugha tatu: Kiladini, Kijerumani na Kiitalia.

Msomaji wa Machakos hana haja ya kufafanuliwa mfano huu. Wamunyu, katika kaunti hii, ni chimbuko la uchongaji wa Wakamba. Ufundi huo unahusishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nyumbani na kuwarithisha wenzake. Mtoto wa hapa naye hukua na lugha tatu: Kikamba, Kiswahili na Kiingereza. Tena Kikamba si lugha ndogo hata kidogo, kwani sensa ya 2019 iliwahesabu Wakamba zaidi ya milioni 4.6. Iwapo udogo wa kijiji na wa lugha ungekuwa kizuizi, Moroder angezuiliwa kabla yetu.

Hakuanza na utajiri. Kwa miaka kadhaa alizunguka Ulaya akipiga muziki katika bendi za hotelini. Alipohamia mjini Munich, Ujerumani, alianzisha studio iitwayo Musicland. Hapo, yeye na mwenzake Mwingereza, Pete Bellotte, walifanya kazi na mwimbaji Mmarekani Donna Summer. Wimbo wao I Feel Love, wa mwaka 1977, karibu wote ulitolewa na mtambo mmoja, sinthesaiza aina ya Moog, ambao huunda sauti kwa nguvu za umeme pasipo nyuzi wala ngozi. Mtambo huo haukuwa mali yake, na aliyeujua undani wake alikuwa fundi Robby Wedel. Ngoma ya chini ilipigwa kwa mguu wa binadamu, Keith Forsey, na sauti ni ya Donna Summer.

Mwelekezi wa filamu Alan Parker alipousikia mdundo huo, alitaka mfano wake kwa ajili ya filamu Midnight Express ya 1978. Moroder, ambaye hakuwa na shahada ya muziki, akapata tuzo ya Oscar kwa muziki wa filamu hiyo. Alipata nyingine mbili kwa nyimbo za Flashdance ya 1983 na Top Gun ya 1986. Mwaka wa 2013, akiwa na umri wa miaka 73, alishirikishwa na vijana wa Ufaransa, Daft Punk, katika albamu iliyotwaa tuzo kuu ya Grammy mwaka uliofuata.

Sasa tumlinganishe na mwenzetu. Ayub Ogada, aliyezaliwa Mombasa mwaka wa 1956 na kufariki 2019, aliwahi kupiga nyatiti katika vituo vya treni za chini ya ardhi mjini London ili apate riziki. Mwaka wa 1993 alitoa albamu En Mana Kuoyo, yenye wimbo Kothbiro, yaani mvua inakuja kwa Kijaluo. Wimbo huo ulikuwa umerekodiwa na kundi la Black Savage la Nairobi mwaka wa 1976. Mwaka wa 2005 ulisikika katika The Constant Gardener, filamu iliyopigwa humu Kenya. Mwaka wa 2018 rekodi ile ya Black Savage ikachukuliwa kipande na kutumiwa na Kanye West wa Marekani.

Ni fahari kubwa, lakini tuitazame kwa makini. Aliyetunga muziki wa filamu ile, aliyeamua wapi pawe na kimya na wapi pawe na ngoma, alikuwa Mhispania Alberto Iglesias. Sisi tulitoa wimbo tu. Tofauti kati ya hayo mawili ni sawa na tofauti kati ya anayeuza gogo na anayeuza kinyago. Gogo laweza kuwa la mpingo safi, lakini bei kubwa humwendea mchongaji.

Wapo watakaosema kwamba mashine imeua ala zetu, na kwamba siku hizi mtu mmoja na kinanda chake huifukuza bendi nzima kutoka baa. Hoja hiyo ina ukweli, na wapiga magita wengi wameuonja uchungu wake. Walakini, I Feel Love yenyewe ilihitaji mwimbaji, mpiga ngoma, fundi na mtunzi mwenza. Mashine huwafukuza watu pale ambapo anayeinunua hataki lolote ila kupunguza gharama. Palipo na mtu mwenye maarifa, nayo huwa ala kama zilivyo ala nyingine. Hata gita la umeme lililotumiwa na Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers kuimba Kikamba na Kiswahili hapo zamani lilikuwa mashine ya kigeni.

Tufanye nini basi? Kwanza, nyimbo za jadi ambazo shule zetu huzipeleka kila mwaka kwenye Tamasha la Muziki la Kenya zirekodiwe na kuhifadhiwa shuleni, ili mwanafunzi wa kesho apate malighafi. Pili, chumba cha kompyuta kisifungwe baada ya somo la kompyuta. Programu za kutunga muziki zinapatikana, na baadhi hazilipiwi. Tatu, kila mwanafunzi wa sanaa afundishwe sheria. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, lakini haimsaidii aliyetia sahihi asichokielewa. Nne, sisi walimu wa lugha tuwape wanafunzi istilahi za kazi hii kwa Kiswahili, wapate kujadiliana na waelekezi bila kubabaika.

Wazee wa Wamunyu hawakungoja kujengewa mji wa vinyago ndipo waanze kuchonga. Walianza na shoka, tezo na mti uliokuwa karibu. Mkondo wa Sanaa sasa umefunguliwa rasmi. Tukiendelea kuwapeleka huko wale tuliowakatia tamaa, hata mji wa filamu ukijengwa, watunzi wake watakuja kwa ndege.