Lori la Haraka na Hati ya Shamba

Wakulima kadhaa wa Kinangop wataka kununua lori, wafikishe maziwa na kabeji Nairobi kabla ya kupambazuka. Jambo hili si baya, kwani maziwa hayangoji. Lakini kuweka rehani hati ya shamba kwa ajili ya gari, hilo silikubali. Bodi ya Ardhi yaweza kuitoa idhini itakiwayo na sheria ya 1967, lakini haitakulipia deni wakati matope yamefunga njia na lori limelala uani.

Afadhali ukodi lori mwaka mmoja. Andika daftarini mafuta, magurudumu, bima, mshahara wa dereva na utingo. Tena tafuta mzigo wa kurudi, kama mbolea au unga. Lori lirudilo tupu hula faida yote. Aliyepata mizigo ya kwenda na kurudi ndiye anunue, na dhamana iwe lori lenyewe.